Polisi shuleni: nani amewaita, na kwa kazi gani?

Mkoa wa Mbeya umewapa Watanzania mifano miwili inayogongana kuhusu dola na mwanafunzi. Mwishoni mwa Septemba 2016, walimu waliokuwa kwenye mafunzo kwa vitendo walimshambulia mwanafunzi wa Shule ya Sekondari ya Kutwa Mbeya kwa ngumi, mateke na fimbo. Kuna aliyerekodi. Video iliposambaa wiki iliyofuata, Waziri wa Mambo ya Ndani, Mwigulu Nchemba, aliagiza polisi wawasake walimu hao, na Waziri wa Elimu, Joyce Ndalichako, akatangaza kwamba wamefukuzwa vyuoni.

Miaka mitatu baadaye, Oktoba 2019, mabweni ya Shule ya Sekondari Kiwanja wilayani Chunya yaliteketea kufuatia mvutano wa simu za mkononi. Safari hii Mkuu wa Mkoa, Albert Chalamila, alifika shuleni na kuwachapa viboko wanafunzi 14 kwa mkono wake mwenyewe, kamera zikiwa zinarekodi. Wanafunzi zaidi ya 300 wakarudishwa makwao. Rais John Magufuli akampongeza hadharani.

Mara ya kwanza dola ilifika kumtetea mwanafunzi dhidi ya mtu mzima. Mara ya pili ilifika kumsaidia mtu mzima dhidi ya mwanafunzi. Ndiyo maana mzazi wa Uyole jijini Mbeya au wa Kihesa mjini Iringa akiulizwa kama polisi waingie shuleni, jibu lake hutegemea ni tukio gani lililomkaa akilini. Wawili wanaweza kubishana mchana kutwa, kumbe kila mmoja anamzungumzia askari wa aina yake.

Kazi nne, sare moja

Tanzania haina askari anayeripoti shuleni kila asubuhi kama ilivyo katika shule nyingi za Marekani. Hata hivyo, mwanafunzi wa Nyanda za Juu Kusini hukutana na polisi katika kazi nne zilizo tofauti kabisa.

Ya kwanza ni mitihani. Darasa la saba linapofanya mtihani Septemba, kidato cha nne Novemba na kidato cha sita Mei, karatasi za Baraza la Mitihani hulindwa na askari. Askari huyo hazungumzi na wanafunzi na wao hawamsogelei. Akimaliza huondoka na bahasha zake.

Ya pili ni elimu. Mwaka 2006, chini ya Inspekta Jenerali wa Polisi (IGP) Said Mwema, Jeshi la Polisi lilianza mageuzi yaliyozaa Polisi Jamii, na baadaye wakapatikana wakaguzi waliopangiwa kata, wanaojulikana kama Polisi Kata. Hao ndio wanaoonekana mstarini asubuhi wakizungumzia ukatili, bangi na utoro. Trafiki nao hufundisha kuvuka barabara, somo ambalo kwa shule zilizo kando ya barabara kuu ya kwenda Tunduma si la mapambo. Mtandao wa Polisi Wanawake, TPF-Net, hufika na taulo za kike na ushauri.

Ya tatu ni upelelezi: mwanafunzi amebakwa, amepewa mimba au amepigwa hadi kuumia, na mtu lazima akamatwe.

Ya nne ni kuzima fujo na kukazia nidhamu. Bweni limeungua, kuna mgomo, simu zimekamatwa, vifaa vimeibwa, na mkuu wa shule anampigia mkuu wa polisi wa wilaya (OCD).

Kazi zote nne hufanywa kwa sare ileile, wakati mwingine na mtu yuleyule. Mtoto aliyeambiwa Jumatatu kwamba afande ni rafiki yake, akamwona Ijumaa anawapakia wenzake kwenye gari, hahitaji semina ya kumweleza lipi kati ya hayo mawili ni la kweli.

Kilichowaleta

Polisi hawakujiingiza shuleni kwa kupenda tu. Shule za kata zilizojengwa kwa wingi tangu katikati ya miaka ya 2000 zilisogeza sekondari karibu na wananchi, lakini nyingi zilifunguliwa bila mabweni. Mtoto wa Kilolo au Mufindi aliyepangiwa shule mbali na kwao ana njia mbili: atembee, au apange chumba kijijini, yale mageto ambamo mtoto wa miaka 14 anajipikia, anajilinda na anajilea mwenyewe. Tangu 2016 elimu bila ada ikafikishwa hadi kidato cha nne, madarasa yakafurika, na mwalimu wa malezi akabaki yuleyule mmoja mwenye vipindi vyake vya kufundisha.

Hatari za mtoto huyo hazimsubiri getini kwa shule. Zipo njiani kwenye msitu wa mbao, kwa dereva wa bodaboda anayemwokoa na mvua leo na kudai malipo kesho, kwenye kilabu cha ulanzi alichopakana nacho ukuta kwa ukuta. Kisha yakaja ya Njombe, mkoa uliomegwa kutoka Iringa mwaka 2012. Mwanzoni mwa 2019 watoto kadhaa walitekwa na kuuawa huko katika matukio yaliyohusishwa na ushirikina, wazazi wakaanza kuwasindikiza watoto shuleni, na serikali ikaongeza askari na wapelelezi. Aliyekuwa na mtoto wa darasa la kwanza miezi ile hakuwa na muda wa kujadili kama sare inamtisha mtoto. Aliitaka iwepo.

Wanaotaka sare ionekane zaidi

Upande huu una hoja moja nzito na kadhaa nyepesi. Nzito ni kwamba mara nyingine mkosaji yumo ndani ya shule. Mwaka 2018 mwanafunzi wa Shule ya Msingi Kibeta, Bukoba, alifariki baada ya kupigwa na mwalimu. Machi 2019 Mahakama Kuu ikamhukumu mwalimu huyo kunyongwa. Pale Mbeya, kilichoamsha mamlaka mwaka 2016 ni simu iliyorekodi, wala si taarifa ya shule. Taasisi inayojichunguza yenyewe huona kile inachotaka kuona, na mtoto anahitaji mtu wa nje mwenye uwezo wa kisheria wa kumkamata mtu mzima.

Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika mwaka 2009 na kutolewa 2011, unaonyesha ukubwa wa tatizo. Wasichana watatu kati ya kumi, na mvulana mmoja kati ya saba, walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu nusu ya wasichana hao hawakuwahi kumwambia mtu yeyote. Kwa wavulana, waliosema ni kama theluthi moja tu.

Hoja nyepesi ni ile ya mazoea: mtoto akimzoea askari atamwamini. Inaweza kuwa kweli pale mazoea yapo. Jiji la Mbeya pekee lina kata 36, na Polisi Kata mmoja ana baa za kuangalia, ugomvi wa mashamba, wezi wa mifugo na vikao vya ulinzi shirikishi kabla hajafika shule ya pili katika kata yake. Ziara moja kwa muhula, mbele ya mstari wa wanafunzi mia kadhaa, mwalimu wa zamu akiwa pembeni na fimbo, haiwezi kujenga mazoea yoyote. Tena mada zenyewe kwa kawaida ni makatazo: msivute, msitoroke, msipende wanaume. Mtoto aliyekwisha kupata tatizo husikia kwamba yeye ndiye mkosaji anayesemwa.

Wanaotaka polisi wakae mbali

Upande wa pili unaanza na kumbukumbu, na kumbukumbu za kanda hii ni chungu. Novemba 2011 Mwanjelwa iligeuka uwanja wa mapambano kati ya wamachinga na polisi. Septemba 2, 2012, mwandishi wa Channel Ten, Daudi Mwangosi, aliuawa Nyololo wilayani Mufindi akiwa kazini, katikati ya askari, na mwaka 2016 Mahakama Kuu Iringa ikamhukumu askari mmoja kifungo cha miaka 15. Februari 2018 mwanafunzi wa chuo jijini Dar es Salaam, Akwilina Akwilini, aliuawa kwa risasi akiwa ndani ya daladala, wakati polisi wakitawanya waandamanaji. Mzazi anayekumbuka hayo hawezi kumwambia mwanawe kwa moyo mweupe kwamba akiona sare akimbilie huko.

Kwa wasichana kuna jingine. Januari 2018 polisi wilayani Tandahimba, Mtwara, waliwakamata wanafunzi watano waliokuwa wajawazito. Aliyehitaji ulinzi ndiye aliyeshikwa. Habari kama hiyo haiishii Mtwara.

Hoja yao ya pili ni ya kisheria, nami naiona ndiyo yenye nguvu zaidi: polisi wakiwa karibu mno, utovu wa nidhamu hugeuzwa jinai. Kukutwa na simu ni kuvunja kanuni ya shule. Kuchoma bweni ni kosa la jinai. Kiwanja mambo hayo mawili yalichanganywa kikapu kimoja, wenye simu, waliochoma na waliokuwa wamelala. Hata viboko vyenyewe vina kanuni. Tangazo la Serikali Namba 294 la mwaka 2002 linataka viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, msichana achapwe na mwalimu wa kike akiwepo, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Mkuu wa mkoa hayumo, hata kwa kufikirika. Mtu anaweza kuunga mkono viboko kwa asilimia mia na bado akakiri kwamba kilichofanyika Chunya hakikuwa ndani ya kanuni.

Udhaifu wa upande huu ni kwamba haujibu swali la nani basi. Kuiacha shule ijitegemee kwenye mambo yake ni kumwacha mtoto na fimbo, na ule utamaduni wa “tuyamalize wenyewe” ambao umewaokoa wabakaji wengi.

Mbeya ina vyombo ambavyo mikoa mingi haina

Ajabu ni kwamba mkoa uliotoa mifano miwili mikali ndio wenye sehemu kubwa ya majibu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 iliunda mahakama ya watoto, inayosikiliza mashauri faragha na kwa lugha isiyotisha, ofisa ustawi wa jamii akiwepo. Mbeya ina mahakama hiyo, ina mahabusu ya watoto, na ina Irambo, shule ya maadilisho ya pekee Tanzania Bara. Ni pia kati ya maeneo ya kwanza kujaribu mpango wa kuwarekebisha watoto wakiwa nyumbani kwao badala ya kuwafungia. Kanuni ya Adhabu nayo haimtambui mtoto chini ya miaka 10 kuwa mkosaji, na wa chini ya miaka 12 hutiwa hatiani tu ikithibitika alielewa ubaya wa alichofanya.

Maana yake ni kwamba mwanafunzi aliyefanya jinai halisi ana njia yake. Haihitaji kupitia uwanja wa mstarini wala kamera. Iringa, ambayo haina vyombo vyote hivyo, hubaki na kituo cha polisi cha kawaida, dawati la jinsia na watoto na nia njema ya aliyeko zamu.

Imani inavunjikia mlangoni kwa mkuu wa shule

Mjadala mwingi huishia kwenye tabia ya askari. Nadhani tatizo kubwa liko hatua moja kabla hajafika. Karibu kila njia ya mwanafunzi kumfikia polisi hupita kwa mkuu wa shule. Yeye ndiye anayepiga simu, anayempokea mgeni na kumpa chumba, na mara nyingi hubaki humo mtoto akihojiwa.

Chukua msichana wa kidato cha pili katika shule ya kata huko Mdabulo, Mufindi, aliyepata mimba. Ikiwa mhusika ni mwalimu, shule ina sababu ya kunyamaza: jina litachafuka na ofisi ya elimu itauliza maswali. Ikiwa ni dereva wa bodaboda, familia mbili zitakaa chini, fedha zitatoka, na msichana ataelekezwa aseme hamjui. Ikiwa ni mwanafunzi mwenzake wa miaka 17, sote tumekwama, kwa sababu wote wawili ni watoto mbele ya sheria.

Mabadiliko ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba. Nia ilikuwa njema na ujumbe ulisikika. Lakini kesi ya namna hii husimama juu ya maneno ya msichana, na msichana anayejua kwamba maneno yake yatamfunga miaka 30 mtu anayempenda, au mtu anayelisha ndugu zake, hunyamaza. Adhabu inavyozidi kuwa kali, ndivyo shahidi pekee anavyopata sababu ya kukaa kimya. Sisemi kifungo kipunguzwe. Nasema polisi wamekabidhiwa sheria inayotegemea imani ya mtoto, na hawajapewa nyenzo za kuijenga.

Linganisha na uamuzi wa Novemba 2021, serikali ilipotangaza kwamba wanafunzi waliojifungua wanaweza kurudi shuleni. Kabla ya hapo, kusema ukweli kulimgharimu msichana masomo yake, na hakuna askari mpole ambaye angeweza kulifidia hilo. Uamuzi ule haukumtaja polisi hata mara moja, lakini ulimwondolea msichana sababu kubwa ya kumkwepa.

Kuna na hili la simu. Serikali na wadau wanatangaza namba 116, bila malipo, mtoto apige akidhulumiwa. Mwanafunzi wa bweni haruhusiwi kuwa na simu. Akikutwa nayo ataadhibiwa. Akitaka kuipiga namba hiyo aombe simu ya mwalimu, na pengine mwalimu huyo ndiye anayetaka kumsemea. Sanduku la maoni ambalo ufunguo wake uko mfukoni mwa mkuu wa shule lina kasoro hiyohiyo. Na dawati la jinsia, kwa msichana wa Mdabulo, ni nauli ya kwenda mjini Mafinga ambayo hana.

Walikopita wenzetu

Marekani iliweka askari shuleni tangu miaka ya 1950, ikianzia Flint, Michigan. Wilaya ya shule ya Uvalde, Texas, ilikuwa na kikosi chake cha polisi, na bado Mei 24, 2022, wanafunzi 19 na walimu wawili waliuawa huku mamia ya askari wakisubiri kwa zaidi ya saa nzima. Uwepo wa sare haukuwa ulinzi. London nako, Desemba 2020, askari walioitwa na shule walimvua nguo na kumpekua msichana wa miaka 15 kwa kushukiwa kuwa na bangi, bila mzazi kuwepo. Hawakukuta kitu. Walioanzisha mkasa ule kwa kupiga simu walikuwa walimu.

Kenya ilijaribu kutisha. Mwaka 2021, mabweni yalipokuwa yakiungua, idara ya upelelezi ya DCI ilionya kwamba mwanafunzi atakayehusika kosa lake litaingizwa kwenye kumbukumbu zitakazoonekana atakapoomba cheti cha tabia njema. Moto uliendelea kuripotiwa. Kijana wa miaka 16 mwenye kiberiti hafikirii barua ya ajira.

Uzito uko wapi

Baada ya kupima, sioni sababu ya kujibu ndiyo au hapana kwa kazi zote nne kwa pamoja. Ulinzi wa mitihani ubaki ulivyo. Upelelezi wa ukatili uongezwe nguvu, kwa sharti kwamba taarifa isilazimike kupita kwa mkuu wa shule. Dawati la jinsia lifike shuleni kwa ratiba inayojulikana, askari akiwa bila sare, ofisa ustawi au maendeleo ya jamii akiwa naye, katika chumba ambacho mwalimu haingii. Elimu iendelee, ila anayefundisha asiwe yule anayekamata wanafunzi wa shule hiyohiyo, na polisi waeleze haki za mtoto kwa muda uleule wanaotumia kueleza makatazo.

Nidhamu ndiyo wanapaswa kutoka. Simu, utoro, mavazi, mapenzi ya wanafunzi na mgomo usio na moto wala damu ni kazi ya mwalimu, mzazi na bodi. Uhai ukiwa hatarini polisi waitwe mara moja, kisha mkuu wa shule aiandikie bodi kwa nini aliwaita.

Mpango huu una gharama. Askari wa kata yupo tayari kwenye bajeti. Ofisa ustawi wa jamii katika kata nyingi hayupo, na mwalimu wa malezi aliyepunguziwa vipindi ni lazima afidiwe na mwalimu mwingine. Kumtuma polisi ni rahisi kwa sababu mshahara wake unatoka wizara nyingine. Hiyo ndiyo sababu halisi inayofanya aitwe kwa kila jambo, na hakuna semina ya mahusiano mema itakayoibadili.

Wenye nafasi ya kuanza ni wajumbe wa bodi na kamati za shule, na hawahitaji kusubiri waraka kutoka Dodoma. Kitabu cha adhabu ni chao kukikagua. Kikao kijacho wakiombe, wasome majina na idadi ya viboko, kisha waulize ni mara ngapi polisi waliitwa mwaka huu, nani aliwaita na kwa kosa gani.